Harufu ya Ziwani

Nilianzia mkiani.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya udongo ya jikoni kwangu, nikaisogeza pua yangu, pua hii hii iliyobatizwa, hadi kwenye shina la mkia wa mbwa, nikavuta hewa polepole kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Hamna kitu. Nikasogea mbele kiasi cha kiganja kimoja. Kiunoni, sabuni ya mche. Mgongoni, moshi na majivu. Dorah, mke wa mwanangu, alikuwa amemkumbatia mbwa kifuani kwa mikono yote miwili. Mlangoni alisimama mume wangu Mansuetus, kamba ya katani begani. Kamba ile ilikuwa na kazi yake kesho yake asubuhi, na sote watatu tuliijua.

"Perpetua," akasema, "sasa wewe umekuwa mtu wa namna gani?"

"Nyamaza, Baba Urban. Niko kazini."

Watu wa Matiri, kijiji chetu, wakikisimulia kisa hiki huanzia hapo, maana ndipo panapochekesha: mwanamke mzima, bibi wa wajukuu saba, ananusa mbwa kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala. Mimi huanzia nyuma kidogo, kwenye neno moja nililolisema mwenyewe njiani. Bila neno lile nisingepiga magoti.

Dorah alikuja kwetu mwezi wa kwanza. Mwanangu Urban ni fundi ujenzi. Alishuka ziwani kupaua nyumba za watu, akapaua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwenye ya nne, huko Kihagara, akamkuta binti wa mwenye nyumba. Walipofunga ndoa alimleta mkewe huku mlimani akae nasi, mwenyewe akarudi Mbamba Bay kumalizia kazi ya watu. Naona hata sasa alivyoshuka garini: begi moja, ndoo ya usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, aliyofungiwa na mama yake, na mbwa.

Mbwa wetu wa Matiri wana masikio ya kusimama, wembamba, wenye haraka. Huyu masikio yake yalikuwa yamelala, mazito na laini, yananing'inia mashavuni kama soksi zilizoanikwa. Dorah alisema babu wa mbwa huyo alikuwa mbwa wa padri mmoja wa zamani. Jina lake Sijali. Mama yake Dorah alikuwa amenuniana na jirani, akampa mbwa jina la kumjibu jirani. Kila akimwita mbwa chakula, jirani anapata ujumbe wake. Nilicheka siku ile mpaka nikashika ukuta. Nikajiambia, kwa watu wa namna hii tumeoa vizuri.

Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini vitendawili havina darasa la mwisho, na mimi bado nasoma. Jioni ile ile ya kwanza, tukichambua maharage, nikamtegea.

"Kitendawili!"

"Tega, Mama."

"Sahani elfu zimepangwa mlimani, anayekula ni mvua."

Akafikiri. Akasema ziwa, nikasema ziwa si elfu. Akasema nyayo za ng'ombe, nikamsifu, lakini sizo. Akacheka, akainua mikono.

"Basi nipe mji," nikamwambia.

"Chukua Kitai."

"Kitai? Unanipa kituo cha mabasi?"

"Kihagara sitoi, Mama. Ni kwetu. Chukua Kitai, kuna mihogo ya kukaanga na magari ya Songea."

Basi nikaichukua Kitai, nikakaa kwenye mji wangu nikala mihogo, kisha nikampa jibu: ngoro, yale mashimo tunayolimia huku, yaliyopangika moja baada ya jingine ubavuni mwa mlima, yanayokinga maji ya mvua yasishuke na udongo. Akasema hajawahi kuyaona. Nikamwambia mwezi wa tatu utayaona mpaka uyaote.

Na mwezi wa tatu aliyaona. Mansuetus na vibarua wawili walifyeka majani, wakayalaza kwa miraba kama dirisha la nyavu, nasi wanawake tukachimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Sijali alikuwa nasi kila siku. Alijitafutia kitanda kwenye malundo ya majani makavu, akijigaragaza, akizika kichwa chote humo akitafuta panya. Jioni tulikaa kibarazani, mimi na Dorah, tukichomoa mbegu za majani kwenye mapindo ya khanga, zile zenye mkia mrefu na ncha kama sindano. Zikishashika nguo huenda mbele tu. Kurudi nyuma haziwezi. Tulichomoa, tukategana vitendawili, tukacheka. Ulikuwa mwezi mzuri.

Harufu ilikuja baada ya Pasaka.

Mwanzoni ilikuwa kama mtu amesahau bakuli la uji chini ya kitanda. Tamu na mbaya kwa pamoja. Tulihamisha magunia, tukafagia uvunguni, tukamlaumu panya. Kisha Sijali akapita, nayo ikapita naye. Alipotoka, ikatoka. Aliporudi, ilimtangulia hatua tatu.

"Ni usipa," akasema Mansuetus. "Mbwa aliyelishwa usipa tangu ananyonya. Wameshamwingia kwenye damu."

Wote tulikubali, maana lilikuwa jibu lililokwisha kuwapo kabla ya swali. Huku mlimani ukisema ziwani, mtu wa tatu atataja samaki na wa nne atakunja pua. Ni utani wa siku nyingi baina yetu na Wanyasa, nao wana wao juu yetu. Jirani yetu Bonifasia, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, alinipigia kelele kisimani mbele za watu: "Mama Urban! Ziwa limepanda mlima?" Kisima kizima kikacheka. Mimi nami nikacheka. Dorah alikuwa nyuma yangu na ndoo kichwani.

Tukaanza kumwosha. Sabuni ya mche Jumatano na Jumamosi. Ilipokuwa haisaidii, kila siku. Bonifasia akasema majivu, tukatia majivu. Mwingine akasema limau, tukakamua malimau sita. Tulichemsha mchaichai, tukammwagia kuanzia utosini mpaka mkiani, ndoo nzima, naye amesimama amefumba macho, anatetemeka kwenye baridi ya mwezi wa sita, baridi yetu ile inayouma meno. Tukishamaliza, alinukia chai kwa saa moja. Kisha harufu ilirudi, imelala vizuri, imepumzika, ina nguvu kuliko jana. Kila tulivyoosha ndivyo ilivyonona. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza. Sisi tuliongeza ndoo.

Jumuiya ilisali kwa Bonifasia wiki ile. Tulikwenda mimi na Dorah, na Sijali akatufuata kwa nyuma bila kuitwa, akalala mlangoni. Rozari ilipoanza aliinamisha kichwa upande mmoja, upande wa kushoto, akakaa hivyo hivyo fumbo zima.

"Mwoneni," mtu akanong'ona, "mbwa wa ziwani anasikiliza rozari."

Vicheko vikapita chini chini kwenye viti. Bonifasia alibeba kiti chake, akakisogeza dirishani, pindo la khanga puani. Angesema neno ingekuwa nafuu.

Njiani nilikuwa na aibu, na aibu ilikuwa inatafuta mahali pa kushukia. Nikamwambia Dorah, "Mwanangu, kwenu ziwani mmezoea. Sisi huku hatukuzoea."

Akasimama.

"Tumezoea nini, Mama?"

Niliangalia mbele kana kwamba kuna mtu ananiita. Tulitembea mpaka nyumbani, yeye hatua kumi nyuma yangu, na mbwa katikati, hajui amfuate nani.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika sauti. Nilikuwa nikisema, "Kitendawili!" naye anaendelea kukoroga ugali. Kitendawili kisichoitikiwa "tega" hubaki mdomoni kama punje ya mchanga. Aliniamkia, "Shikamoo, Mama," kila asubuhi, kwa heshima zote. Huwezi kumlaumu mtu kwa shikamoo. Lakini ndoo ya usipa aliyoileta, siku moja niliikuta tupu, imeoshwa, imegeuzwa juani. Alikuwa amewamwagia kuku.

Mwezi wa saba kahawa ikaiva kwa mpigo. Tuliichuma, tukaimenya, tukaianika kwenye vichanja uani, na Sijali kama kawaida yake akalala chini ya kichanja kulinda. Mansuetus alimtazama pale kwa siku mbili. Siku ya tatu akasema akiwa anakula, bila kuinua macho:

"Kahawa huvuta harufu kama pamba inavyovuta maji. Mwaka wa kazi siwezi kuupoteza kwa ajili ya mbwa. Jumamosi asubuhi nampeleka kwa mgambo mwenye bunduki, kule ng'ambo ya mto. Jumuiya ikija kwetu wiki ile nyingine, itukute tuko safi."

Dorah alinyanyuka, akakusanya vyombo. Nilipopita chumbani kwake baadaye kuchukua ufagio niliona begi nyuma ya mlango. Lile lile moja. Limefungwa zipu.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Jumamosi mbwa atakwenda, na nilijua kuwa Jumapili basi la asubuhi litamchukua yule binti, na Urban akirudi atauliza, nami nitamjibu nini? Kwamba mke wako alinuka?

Alhamisi tulikuwa kwenye mashine ya kumenya kahawa, mimi na yeye. Kahawa ya jana, tuliyokuwa tumeivundika kwenye pipa, ilikuwa na harufu mbaya. Dorah akaanza kuteka maji.

"Acha maji," nikamwambia. "Ukiiosha yote utaifikisha harufu mpaka kwenye punje nzima. Kahawa ikinuka haioshwi, inanuswa. Chukua kiganja kutoka kila kona ya pipa. Ukifika penye ubaya pua itakwambia."

Tulinusa. Pipa halikuwa na tatizo. Nikahamia kwenye mashine, nikainamisha uso kooni pake, na pale pale nikakutana nayo: punje mbili za juzi, zimebanwa kwenye jino la chuma, nyeusi, zimeoza. Punje mbili. Zilikuwa zinainukisha kahawa yote inayopita. Nikazitoa kwa njiti, nikamwonyesha kwenye kiganja.

Dorah alizigusa kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, na lilikuwa jambo la kwanza kuniambia kwa hiari yake kwa wiki nne:

"Kahawa mnainusa, Mama. Mbwa mnamwosha."

Akachukua ndoo yake, akaondoka.

Sikulala vizuri. Ijumaa nilifanya kazi za uani mpaka saa tisa alasiri, kisha nikafunga khanga kiunoni, nikapiga magoti. Na hapo ndipo nilipoanzia: mkiani.

Kiunoni hamna, mgongoni hamna. Ubavuni hamna. Makwapani, jasho la mbwa tu, jasho la haki. Mdomoni nilimfunua meno. Meno meupe, pumzi ya ugali. Nikahamia kulia. Nikalinyanyua lile sikio zito kama mtu anayefunua sufuria. Pinki, kavu, linanukia vumbi. Nikahamia kushoto.

Sikuhitaji kuvuta pumzi. Ilinijia yenyewe. Nilirudi nyuma nikakaa chini kwa kishindo, macho yanatoka machozi, nikaanza kucheka. Ndani ya sikio kulikuwa na tope jeusi, lenye maji, kama mashapo ya kahawa chini ya kikombe, na Sijali alitoa sauti ndogo sana, ya mtoto, akaniegemezea kichwa mkononi. Upande wa kushoto. Upande ule ule aliokuwa akiuinamisha wakati wa rozari, nasi tukacheka.

"Iko hapa," nikasema. "Dorah, iko hapa tu! Pengine pote ni mzima."

Dorah aliinama, akanusa na yeye. Akainua uso, akalishusha lile sikio taratibu.

"Toa hiyo kamba begani, Baba Urban," nikasema. "Tunakwenda kwa Bibi Mifugo."

"Leo Ijumaa," akasema Mansuetus. "Yule ni Msabato. Jua likizama amefunga mpaka Jumapili."

"Basi jua lisubiri."

Shukrani, bibi mifugo wetu, ni binti wa Bunda, mrefu, aliletwa na serikali, anaongea kama anagombana hata akikusalimia. Ofisi yake ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ladislaus wa bodaboda tulimkuta njia panda. Alitutazama sisi, akamtazama mbwa, upepo ukageuka, akaanza kuwasha pikipiki.

"Bibi, wewe na shemeji pandeni, nawapeleka hata bure. Huyo hapana. Hiki kiti Jumapili wanakalia masista."

Tukatembea. Nilikuwa na miaka sitini na tatu na goti moja lenye maoni yake, lakini siku ile lilinyamaza. Dorah alimvuta Sijali kwa ukanda wa khanga. Katikati ya njia mbwa alichoka, akalala, na Dorah akambeba mabegani kama mbuzi wa sadaka. Nikambebea ndara zake. Alikuwa hatembei tena nyuma yangu; tulikuwa bega kwa bega.

Tulimkuta Shukrani anafunga kufuli.

"Shikamoo, Bibi. Mbona saa hizi? Jua hilo hapo!"

"Marahaba, mwanangu. Ni sikio moja tu."

"Kila mtu anakuja na kimoja tu!" Akafungua kufuli.

Tulimfunga Sijali mdomo kwa khanga. Shukrani alivaa glovu, akasafisha lile tope kwa pamba na dawa, pamba ya kwanza, ya tatu, ya sita, huku akitufokea. Tumemwosha mara ngapi? Kila siku? Na maji ya kichwani tuliyakausha? Malimau! Nani aliyesema malimau? Sikio la kulala halipati hewa, likiingia maji linakaa nayo kama mtungi, na ugonjwa unaota humo kama uyoga. Tulikuwa tunaunywesha wenyewe, kila asubuhi, kwa ndoo. Nilikubali yote. Kisha akainama karibu zaidi. Akaomba Dorah amulike kwa simu.

"Kuna kitu."

Alichukua koleo nyembamba, ndefu. Sijali alilia mara moja, akajikaza. Na Shukrani akainyanyua mbele ya mwanga: mbegu ya majani, mkia mrefu, ncha kama sindano, imeshiba uchafu.

"Hii imekaa humu miezi. Mna bahati haijatoboa ndani. Mmeitoa wapi hii, Bibi? Huko ziwani?"

Nilikuwa nayo kiganjani tayari. Nilikuwa nimechomoa za namna hiyo kwenye mapindo ya khanga maisha yangu yote. Ziwani? Ziwani kuna mchanga. Nilimwona Sijali amezika kichwa kwenye malundo ya majani, mwezi wa tatu, kwenye shamba la Mansuetus, kwenye zile sahani elfu nilizokuwa najisifia.

"Hapana," nikasema. "Hii ni ya kwetu."

Dorah alizima taa ya simu. Sikumwona uso wake, na nilimshukuru Mungu kwamba na yeye hakuuona wangu.

Tulipewa dawa ya matone, mara mbili kwa siku, wiki mbili, asioshwe kichwa, sikio lipanguswe kwa kitambaa kikavu na ligeuzwe juani robo saa kila siku. Shukrani alifunga kufuli lake na jua bado lina kidole kimoja juu ya mlima.

Mansuetus alikuwa anatungoja kibarazani, na kamba iko pale pale ukutani, kwenye msumari. Nikamwekea mbegu kiganjani. Aliigeuza. Mwanaume huyu amelima ngoro tangu akiwa na miaka tisa, hakuhitaji kuambiwa. Alikaa nayo mpaka uji wake ukapoa. Halafu akanyanyuka, akaichukua kamba, akaenda uani, akaifunga baina ya miti miwili kwa urefu unaomfaa mtu wa kimo cha Dorah.

"Ulikuwa unaanika nguo kwenye miba," akamwambia. "Anika hapa."

Kwa mume wangu, hiyo ni hotuba.

Siku ya tano ya dawa harufu ilikuwa nusu. Siku ya tisa nililazimika kuinama kuitafuta. Siku ya kumi na mbili nilimnusa Sijali kuanzia mkiani hadi puani, mbele ya kila mtu, kwa raha zangu, na hakukuwa na kitu, mbwa mtupu, mbwa wa jua na vumbi, na nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Jumuiya ikaja. Bonifasia aliingia langoni na khanga puani tayari, kwa mazoea. Alikaa. Aliishusha kidogo. Akaishusha yote.

"Mama Urban," akaninong'oneza, "afadhali mlimwondoa. Hata hewa imekuwa nyingine."

"Angalia chini ya kiti chako."

Sijali alikuwa amelala hapo tangu Bonifasia alipokaa, kidevu juu ya ndara yake. Bonifasia aliruka kama aliyekalia kaa la moto, watu wakacheka, safari hii kicheko cha kushibisha. Kisha akainama, maana si mtu mbaya, akamnusa utosini. Akamnusa tena. "Yesu na Maria," akasema.

Baada ya sala ya mwisho, wakati wa matangazo, nilisimama. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku ya kwenda kwa Shukrani. Nilifungua pindo la khanga yangu, nikaitoa mbegu, nikaipitisha kwa watu, mkono kwa mkono, na kila mmoja aliijua.

"Hiyo ndiyo harufu ya ziwani," nikawaambia. "Imetoka kwenye ngoro yetu, mita mia tatu kutoka hapa mlipokaa. Mbwa huyu alikuja kwetu mzima. Sisi ndio tuliomnukisha, na tukamwosha mpaka ikazidi, na tukamsema mwenye mbwa. Na aliyemsema usoni ni mimi. Nilimwambia mke wa mwanangu njiani neno ambalo mama hamwambii mtoto. Leo nalirudisha hapa hapa mbele yenu, kwa sababu mlicheka mbele yake."

Bonifasia akanyanyuka, akakibeba kiti chake kama siku ile ya dirishani, akakiweka ubavuni mwa Dorah, akakaa. Wa pili akafuata. Kufikia chai, Dorah alikuwa katikati ya duara, na akina mama wanabishana nani amfundishe kupika kiporo cha maharage na nani ataletewa usipa.

Begi nililiona juu ya kabati, limekunjwa, halina kitu.

Kahawa yetu ilipokelewa mwaka ule bila neno lolote baya. Tulipomaliza, mwezi wa nane, Mansuetus alisema twende tukawaone wakwe. Tulishuka Kihagara sote, na Urban aliyekuwa amerudi nyumbani mwisho wa mwezi wa saba, na Sijali. Mama yake Dorah alitupokea kwa nderemo, na bado alikuwa hasemi na jirani yake. Mchangani usipa walikuwa wameanikwa kama fedha iliyomwagwa, na kabla hatujakaa, yule mbwa akaenda akajitupa humo, miguu juu, akajigaragaza mpaka roho yake ikaridhika. Akarudi kwetu anatabasamu.

"Haya sasa," akasema Mansuetus, "leo ananuka ziwa kweli."

Tulicheka, sisi na wakwe zetu, mpaka watu wa mitumbwi wakageuka. Nami nikainama nikamnusa. Ilikuwa harufu safi, ya samaki na jua.

Nilikuwa nampangusa masikio kwa pindo la khanga, kushoto kisha kulia, wakati Dorah alipokuja akaketi kando yangu mchangani. Mjukuu wangu wa nane alikuwa tayari safarini, ingawa sikujua bado. Dorah akatazama maji.

"Kitendawili," akasema.

Mkono wangu ukasimama kwenye sikio la mbwa.

"Tega," nikasema.

"Mgeni kaingia bila hodi, kalala miezi minne, mwenye nyumba akafukuzwa yeye."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limefungwa fundo kwenye ncha ya khanga ile ile niliyoishika, nalihisi kwa kidole. Niliangalia ziwa, nikajikuna kichwa. Nikasema kunguni. Akasema sio. Nikasema baridi. Akasema sio.

"Nimeshindwa, mwanangu."

"Nipe mji."

"Chukua Kitai. Kuna mihogo."

"Kitai napita tu, Mama." Hakunigeukia, lakini bega lake liligusa langu, likabaki hapo. "Nataka Matiri."

Sijali akakung'uta kichwa, masikio yakapiga mashavu, paf, paf, makavu.

Nikampa.